Maji Niliyoyaita Safi

Niliua kitalu cha maharage cha jirani yangu na matuta matatu ya lengalenga. Niliviua kwa maji niliyomchotea kwa mkono wangu, nikamwambia ni safi. Sikuwa nimeyapima. Nilikuwa nimeyatazama tu.

Nakuandikia wewe unayetia rangi nguo uani kwako, au unayechuja maji ya kazi yoyote kabla ya kuyamwaga, kwa sababu kosa hili ni jepesi kufanyika. Hata mtu mwangalifu hulifanya. Mimi nilikuwa mwangalifu, nikalifanya wiki tatu mfululizo.

Naishi Mururu, wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, kwenye mteremko unaotazama mto Rusizi. Ng'ambo ni Bukavu, upande wa Kongo. Usiku taa zao na zetu zinakaribia kuungana, na sehemu ya umeme unaoziwasha inatoka kwenye mto huohuo unaotutenganisha. Bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na la pili likaanza kazi mwaka 1989. Huku kwetu huitwa Mururu ya kwanza na Mururu ya pili.

Nilianza kutia rangi mwaka 2016, mwaka ambao serikali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo. Mitumba ikawa ghali. Mafundi cherehani wa mji wetu wa Kamembe wakaanza kutafuta vitambaa vya kushona, na mimi nilikuwa na mabeseni manne, pipa moja, na shangazi aliyekuwa amenifundisha zamani namna ya kufunga kitambaa kwa uzi kabla ya kukichovya. Nikanunua pamba nyeupe na rangi za unga, zile zinazoshika pamba bila kuchemshwa. Ndani ya mwaka mmoja nilikuwa nikiuza kwa mafundi wa hapa na kwa akina mama wanaovuka daraja kila asubuhi na mizigo kichwani kwenda sokoni Bukavu.

Rangi hizo zina wasaidizi wawili. Chumvi huisukuma rangi itoke majini iende kwenye uzi. Magadi huifanya rangi na uzi zishikane, zisiachane tena hata nguo ikifuliwa mara hamsini. Bila hao wawili, nguo ya buluu inageuka kuwa nguo ya kijivu baada ya kufuliwa mara mbili. Kwa hiyo kila Jumanne nilijaza pipa lita 100 za maji, nikatia kilo 5 za chumvi na kilo 2 za magadi, kisha rangi, kisha vitambaa. Baadaye nilisuuza kwa lita nyingine 300 hivi. Vipimo hivyo nilivijua kwa kichwa, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikivinunua dukani. Naomba uvikumbuke. Nilikuwa navyo kichwani wakati wote huo.

Rangi yote haishiki. Kwa aina hii ya rangi, sehemu nzuri ya unga, pengine hata theluthi, hukutana na maji kabla ya kukutana na uzi, ikaharibika, ikabaki kuelea. Hiyo ndiyo inayotoka na maji ya kusuuza. Nilikuwa nikiyamwaga kwenye mfereji nyuma ya nyumba, na mfereji unashuka hadi kwenye kijito, na kijito kinaingia Rusizi.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, watu walikuwa wamekaa chini ya mti wakisubiri mkutano. Jumanne iliyotangulia nilikuwa nimetia rangi nyekundu, na mfereji tuliokuwa tumetoka kuuzibua ulikuwa bado na madimbwi mekundu kama mahali palipochinjiwa ng'ombe. Kiongozi wa mudugudu, yaani wa kijiji chetu, hakunitaja jina. Alisema tu kwamba mwenye rangi anajijua, na kwamba akiona mfereji una rangi tena, kazi hiyo itasimama. Niliona haya. Watoto wangu walikuwa pale.

Nadhani kosa langu lilianza hapo, kabla hata sijashika koleo. Nilichosikia ni kwamba mfereji usiwe na rangi. Nikaenda nyumbani nikaanza kutafuta namna ya kuondoa rangi.

Nilifanya kazi ile kwa bidii, na hilo silifichi. Nilipata pipa la plastiki la lita 200, nikalitoboa chini, nikalipanga kokoto, mchanga, kisha mkaa uliotwangwa. Mara ya kwanza maji mekundu yalitoka mekundu. Mkaa wa jikoni haufanani na ule wa viwandani unaotengenezwa uwe na vitundu vingi mno vya kunasa rangi. Nikautwanga zaidi, nikauosha vumbi, nikaupanga tabaka nene. Nikajifunza kutia shabu na chokaa kwanza, ili sehemu ya rangi igandamane na kuzama kama utando wa maziwa yaliyokatika, kisha nichuje yaliyobaki. Nikayapitisha maji kwenye mkaa mara tatu, polepole, siku mbili nzima. Buluu iliisha. Njano iliisha. Nyekundu ilibaki kidogo, waridi hafifu kama maji yaliyosafishia kidonda.

Na hapa kuna jambo ambalo sikuwaambia waliokuja kujifunza kwangu. Ule waridi wa mwisho sikuuondoa kwa mkaa. Niliuondoa kwa kifuniko kimoja au viwili vya javeli, ile dawa ya kung'arishia mashuka ambayo wengine huiita jiki. Inafanya kazi upesi mno. Unatia, unakoroga, unahesabu hadi mia, na maji yanakuwa kama ya mvua.

Wakati ule nilidhani rangi imekufa. Baadaye nilikuja kuelewa kinachotokea. Rangi nyingi za nguo, zaidi ya nusu ya zinazotengenezwa duniani, zina kiungo kimoja katikati, naitrojeni mbili zilizoshikana, na jicho letu linaona rangi kwa sababu ya kiungo hicho pamoja na vilivyoungwa nacho. Javeli inakivunja. Kikivunjika, rangi inatoweka machoni, lakini vipande vyake vinabaki majini, na vingine vimebeba klorini juu. Kuna rangi ambazo vipande vyake ni vibaya kuliko zenyewe. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya mwaka 2002 ulipiga marufuku nguo zenye rangi zinazoweza kuachia baadhi ya kemikali zinazoitwa amini, kwa sababu ya saratani. Sina ushahidi kwamba rangi zangu zilikuwa za kundi hilo. Nilichokuwa nacho ni chupa ya javeli na haraka ya kuona maji meupe.

Niliyaweka kwenye glasi. Niliisimamisha glasi dirishani, jua likapita ndani yake, na nilifurahi kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba. Nilimwita kiongozi wa mudugudu akaja kuona. Alitabasamu, akaniambia nimewatendea wema majirani. Wanawake watano wanaotia rangi walikuja kujifunza, watatu wa upande huu na wawili kutoka Bukavu. Niliwafundisha mchujo wote isipokuwa kile kifuniko cha javeli. Kila mmoja alipouliza atajuaje kwamba maji yamekuwa safi, nilimwonyesha glasi.

Kisha kiangazi kikaja. Mururu ni nchi ya mvua, lakini Julai mteremko unakauka na wenye bustani za mboga huchota maji mbali. Jirani yangu ni bibi aliyefiwa na mume, anayelea wajukuu wanne. Kila kiangazi hulima kipande kidogo karibu na bonde: lengalenga, kabichi chache, na kitalu cha maharage ya kula mabichi. Mboga za kiangazi zina bei nzuri Kamembe. Kwa fedha hizo hulipia mituweli, yaani bima ya afya, ya wajukuu na madaftari ya shule.

Nilimwona anapanda mlima na jerikani mgongoni na nikamwambia aache kujitesa. Nilimwambia nina maji. Jerikani 20 kila wiki, yaani lita zote 400 nilizokuwa nikichuja. Yalikuwa yamekaa tu uani, na mimi nilikuwa nikitafuta mtu wa kuyatumia ili nione matokeo ya kazi yangu. Nilitaka kumsaidia, hiyo ni kweli. Nilitaka pia watu waseme kwamba maji yangu yanaotesha mboga.

Siku ya kwanza alitumbukiza mkono kwenye jerikani, akasugua vidole.

“Mwanangu, hii mayi juu ya nini inateleza hivi?”

Alizungumza Kiswahili chetu cha mpakani, na aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu. Nikamjibu: “Ni sabuni kidogo, Bibi. Haina shida.”

Haikuwa sabuni. Sikujua ni nini. Nilijibu kwa sababu ningeona aibu kusema sijui mbele ya mtu aliyekuja kuchukua zawadi yangu. Maji yenye magadi huteleza vidoleni. Kila mtu aliyewahi kutia magadi kwenye maharage magumu anajua, na mimi nilikuwa nimeyatia magadi hayo kwa kikombe changu Jumanne ileile. Mkono wake ulipima kile ambacho jicho langu halikuweza, akaniuliza, na mimi nikamnyamazisha kwa jibu la uongo.

Alikuwa mtu wa kubana matumizi, kwa hiyo alichanganya jerikani moja yangu na mbili za kijito. Hilo ndilo lililofanya mimea isife siku ya kwanza. Wiki ya kwanza majani ya maharage yalianza kukauka kingoni, akadhani ni jua. Wiki ya pili yalianza kudondoka. Wiki ya tatu, Jumapili baada ya misa, alikuja kwangu ameshika mche mmoja wenye mizizi yake. Majani yalikuwa kahawia pembezoni, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, na katikati bado kijani.

Hakuja kunilaumu. Alikuja kuniomba nikamsaidie kutafuta mdudu, kwa sababu macho yake hayaoni vitu vidogo.

Nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye kitalu nikaanza kugeuza jani moja moja. Nilitafuta mayai, nilitafuta utitiri, nilitafuta matundu. Nilichukua muda mrefu. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, ananiambia yeye amesikia kuna mdudu mpya anayetoka ng'ambo. Na mimi nilimkubalia. Nilisema naam, nimesikia.

Kisha nikaona udongo. Kando ya kila tuta, pale maji yanapoishia na kukauka, kulikuwa na ukoko mweupe, mwembamba, wenye kung'aa kidogo. Nilidhani ni chokaa. Nikavunja kipande, na bila kufikiri, kama mtoto, nikakigusisha kwenye ncha ya ulimi.

Ilikuwa chumvi. Nyuma ya chumvi kulikuwa na ule ukali wa magadi unaobaki kooni.

Nilibaki nimepiga magoti. Hesabu ilikuja yenyewe, na ilikuwa rahisi mno. Kilo 5 za chumvi kila Jumanne. Kilo 2 za magadi. Kitambaa hakibaki na chumvi, tunaisuuza yote. Mteja hawezi kuvaa shati la chumvi. Mkaa haushiki chumvi: hunasa vitu vikubwa kama rangi kwenye vitundu vyake, na chumvi iliyoyeyuka inapita na maji kama vile mkaa haupo. Shabu haiigandamishi. Javeli inaiongeza. Basi ilikuwa inakwenda wapi? Miaka yote hiyo nilinunua chumvi kwa gunia, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja inakwenda wapi. Jibu lilikuwa mbele yangu. Karibu kilo 7 kila wiki, wiki tatu, kilo 21, katika bustani ambayo ungeweza kuivuka kwa hatua kumi na tano.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu sehemu hii ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Sikumwambia. Nilisimama, nikapangusa magoti, nikasema, “Bibi, ngoja niende nyumbani niangalie kitu.” Nilikwenda nikaonja maji ya glasi iliyokuwa dirishani. Sikuwahi kuyaonja kabla. Yalikuwa ya chumvi kama mchuzi ulioharibika. Nikakaa. Nilijiambia nitamwambia kesho, nikiwa na maneno mazuri.

Jioni ile alimwagilia tena. Jerikani mbili zangu zilikuwa zimebaki kwake.

Asubuhi nilikwenda nikamwambia yote, pamoja na ile sabuni ambayo haikuwa sabuni. Alinyamaza muda. Kisha akasema, “Kumbe haiko mududu.” Akainama akaanza kung'oa miche iliyokufa, na mimi nikainama naye.

Tulikubaliana mbele ya wazee wawili wa mudugudu. Nilimlipa faranga 70,000 kwa mafungu matatu. Mituweli ya wajukuu nililipa mimi mwaka ule. Lengalenga chache zilipona, maana ni mmea mgumu. Maharage hayakupona hata moja. Na udongo uliharibika. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi na magadi inautawanya udongo wa mfinyanzi, unakuwa kama uji, kisha ukikauka unafunga kama sahani, na maji yanatuama juu. Dawa yake ni samadi na maji mengi matamu ya kuisukuma chumvi ishuke. Kila jioni hadi mvua za Septemba nilibeba jerikani mbili kutoka kijitoni nikazimwaga pale. Maharage ya msimu uliofuata yaliota kwa mapengo.

Nilikwenda pia kwa wale wanawake watano. Mmoja alikuwa akimwagilia migomba, akaacha. Wawili walikuwa wakimwaga kijitoni tu. Mmoja habari hii haikumhusu tena, kwa sababu alikuwa ameshaacha kazi. Wa tano, wa upande wa Bukavu, hakuniamini. Alikwenda ndani akaniletea glasi, akainyanyua kwenye mwanga, vilevile nilivyomfundisha. “Tazama,” akasema. “Maji yangu ni safi kuliko yako.” Nikamwomba aonje. Akaishusha glasi, akaitazama, na hakuionja. Tukabaki tumesimama na glasi kati yetu.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu jambo hili, na jambo la kwanza nililojifunza ni jinsi jicho linavyodanganya pande zote mbili. Rangi nyingine jicho linaziona hata zikiwa chini ya miligramu moja katika lita. Ni kidogo mno, chembe ya vumbi. Chumvi gramu 50 katika lita hiyohiyo, jicho halioni kitu. Bahari ina gramu 35 hivi. Maji yangu ya kuchovya yalikuwa na chumvi nyingi kuliko bahari, na hata baada ya kuchanganyika na ya kusuuza yalibaki na gramu 17 za chumvi na magadi kwa lita. Haragwe ni mmea dhaifu kwa chumvi: huanza kupunguza mavuno maji ya kumwagilia yakifika karibu nusu gramu kwa lita. Bibi alipochanganya moja yangu na mbili za kijito, bado alikuwa akimwagilia mara kumi na zaidi ya kipimo hicho.

Jambo la pili ni kwamba wengine walishafanya kosa hili kwa ukubwa wa kutisha. Kusini mwa India kuna mji wa Tiruppur, unaotengeneza fulana zinazouzwa dunia nzima, na ulikuwa na mamia ya karakana za kutia rangi kando ya mto Noyyal. Mwaka 1992 lilifunguliwa bwawa chini ya mji, Orathupalayam, la kuwamwagilia wakulima mashamba. Likajaa maji ya karakana. Wakulima waliyakataa, kwa sababu chumvi yake iliua mashamba. Bwawa lililojengwa kwa ajili yao likawa kitu wasichotaka kifunguliwe. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru karakana zifungwe mpaka ziache kabisa kumwaga maji nje. Niliposoma habari hiyo niliiweka karatasi chini nikatoka uani. Tiruppur walikuwa na wahandisi, na walipitia mahali nilipopitia mimi na pipa langu.

Hapa Rwanda pia yapo maarifa, kama ningeyatafuta kabla. Mwaka 2012 mtafiti Christian Sekomo Birame alitoa tasnifu kuhusu njia za gharama nafuu za kuondoa metali katika maji taka ya viwanda vya nguo. Alijaribu mawe ya volkano, bakteria wanaoishi bila hewa, na mabwawa ya mwani na ya vimea vidogo vinavyoelea. Metali, hazionekani hizo nazo. Rangi ile nzuri ya feruzi ambayo wateja wangu wanaipenda kuliko zote ina shaba ndani ya umbo lake. Nilipoivunja kwa javeli nilidhani nimemaliza, na shaba haivunjiki kwa javeli.

Huwa nafikiri juu ya hili ninaposhuka kuelekea mtoni. Kila mtu hapa anajua habari ya plastiki zinazojikusanya kwenye bwawa la kwanza, chupa na takataka zinazoshuka na mvua kutoka mjini Bukavu na kuziba mitambo hadi umeme unakatika. Zinapigwa picha. Watu wanaingia na mitumbwi kuzitoa. Rwanda tulipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na tumejizoeza kuiona takataka na kuiinamia. Lakini kilichoyeyuka hakijikusanyi popote. Kinapita kwenye wavu, kinapita kwenye mitambo, na kinaendelea kilomita zaidi ya mia moja hadi Ziwa Tanganyika, na hakuna mtu anayekipiga picha. Siongezi chumvi kwenye uzito wa kosa langu: Rusizi ni mto mkubwa, na maji ya Ziwa Kivu unakotoka yenyewe yana madini mengi tangu asili. Kilo zangu 7 mto hauwezi kuzihisi. Kitalu cha maharage kilizihisi.

Bado natia rangi. Kazi imebadilika. Mkaa na shabu ninaendelea navyo, kwa sababu rangi lazima iondoke. Mkaa uliochoka siutupi tena korongoni kama zamani; nilikuta mvua ya kwanza imeusuuza na korongo limekuwa buluu. Sasa naukausha na kuuweka kwenye magunia chini ya paa, na nakiri kwamba magunia yanaongezeka na sijapata mahali pazuri pa kuyapeleka. Javeli nimeiacha.

Lakini badiliko kubwa lilitokana na ile hesabu niliyoifanya nikiwa nimepiga magoti. Yale maji niliyompa Bibi kwa maharage yake yalikuwa na chumvi niliyoinunua mimi. Mmea hauitaki. Pipa langu linaihitaji. Kwa hiyo maji ya kuchovya siyachanganyi tena na ya kusuuza. Nayachuja peke yake, naupunguza ukali wa magadi kwa siki hadi yaache kuteleza, kisha Jumanne inayofuata nayarudisha pipani na kuongeza chumvi iliyopungua tu. Waridi hafifu uliobaki hauna neno nikitia nyekundu tena. Sasa nanunua chini ya nusu ya chumvi niliyokuwa nikinunua. Yakichoka kabisa, nayaacha yakauke kwenye karai pana lililotandikwa turubai, chini ya bati linalopitisha mwanga, na kinachobaki nakikwangua na kukiweka kwenye ndoo. Ni kazi ya kuchosha na kiangazi pekee ndicho kinachoisaidia.

Nilinunua pia Bukavu kalamu ya kupimia chumvi ya maji, kifaa kidogo cha betri chenye namba. Maji ya kusuuza ya mwisho kabisa, yale ya beseni la nne, kalamu inaonyesha yanakaribia kuwa kama ya kijito.

Kiangazi kilichopita Bibi alikuja uani na jerikani moja. Alikuwa amesikia kutoka kwa mjukuu wake kwamba yapo maji ya beseni la nne. Nilimweleza, nikatumbukiza kalamu mbele yake, nikamwonyesha namba. Aliitazama kalamu kwa heshima, kama mtu anavyotazama kitu cha mgeni. Kisha akatumbukiza mkono wake majini, akasugua vidole viwili, polepole. Akachovya tena kidole kimoja, akakipeleka mdomoni.

Nilisimama nikangoja.